Roland Garros hakuwa mcheza tenisi! Soma kisa cha kijana wa kisiwani

Leo habari yangu ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umebakiwa na dakika tano tu hapo kafe, bora uongeze muda kabisa au uje kuimalizia kesho. Usiisome nusu halafu ukaenda kubishana mtaani, maana mimi hicho ndicho kilichoniponza.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa 5 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 6 kunakuwa na yale mashindano makubwa ya tenisi Paris, yale ya kwenye udongo mwekundu. Siku hiyo tulikuwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, mechi yetu bado haijaanza, mwenye kibanda akaacha chaneli ya tenisi. Pembeni ya uwanja pameandikwa Roland-Garros. Jamaa mmoja akauliza huyo Roland Garros ni nani. Mimi kwa kujiamini kabisa nikajibu kwamba ni bingwa wa zamani wa Ufaransa, alichukua kombe mara nyingi mpaka wakampa uwanja. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akacheka, akasema tuwekeane soda. Nikaweka soda mbili. Nilizilipa wadau, tena mbele ya watu!

Basi nikaja kafe kutafuta huyu mtu ni nani hasa. Nilikuja kwa hasira, nikaondoka nina mawazo mengine kabisa. Haya, twende kazi.

KWANZA, NI MTU WA BAHARI YETU

Roland Garros alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1888 katika mji wa Saint-Denis, kisiwa cha Réunion. Kwa ambao jiografia iliwapita pembeni, Réunion iko huku huku kwenye Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, jirani na Morisi. Ni kisiwa kidogo, enzi hizo kilikuwa koloni la Ufaransa na mpaka leo ni sehemu ya Ufaransa. Kwa hiyo wakati mimi nawaza ni mtoto wa Paris, kumbe jamaa kazaliwa upande wetu wa dunia.

Baba yake alikuwa mwanasheria. Roland akiwa bado mdogo kabisa familia ilihamia Saigon, Vietnam, ambako nako Wafaransa walikuwa wanatawala. Baadaye akapelekwa Ufaransa kusoma, peke yake, wazazi wako mbali huko Asia. Fikiria mtoto wa umri wa darasa la sita anapandishwa meli namna hiyo.

Huko Paris akaugua nimonia, ugonjwa ambao enzi zile ulikuwa unaua kirahisi maana dawa za kuutibu zilikuwa bado. Wakampeleka Cannes, kusini, kwenye jua na hewa ya bahari. Kule akajipa tiba yake mwenyewe: baiskeli. Alipiga pedeli mpaka mapafu yakakaa sawa, na mwaka 1906 akawa bingwa wa Ufaransa wa baiskeli kwa wanafunzi. Cha kuchekesha ni kwamba alishindana kwa jina la bandia, Danlor, ambalo ni herufi za Roland zilizopanguliwa, ili mzee wake asijue. Wangapi hapa tumecheza ndondo kwa majina ya kupachikwa ili nyumbani wasisikie?

Baada ya hapo akaingia HEC, chuo kikubwa cha biashara cha Paris, akamaliza mwaka 1908. Pale chuoni alisoma na kijana mmoja anaitwa Émile Lesieur, mcheza raga mkali ambaye alifika mpaka timu ya taifa ya Ufaransa. Huyu Lesieur ndiye aliyemwingiza Garros kwenye klabu ya michezo ya Stade Français. Naomba ulishike jina la Lesieur maana tutalirudia mwishoni. Bila yeye nisingekuwa na habari ya kuandika leo.

Kuhusu tenisi, Garros hakuwahi kuwa mchezaji wa mashindano. Soda zangu ziliishia hapo.

KIJANA ANAONA NDEGE

Alipomaliza chuo akaingia kwenye biashara ya magari, na akiwa na miaka kama 21 tu alikuwa na duka lake mwenyewe Paris. Maisha yalikuwa yamenyooka. Sasa Agosti 1909 akaenda Reims kuangalia maonyesho makubwa ya ndege. Kumbuka ndege ilikuwa kitu kipya kabisa, ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, walikuwa wameruka kwa mara ya kwanza Desemba 1903. Garros alipoona vile vyombo vinapaa, biashara ya magari ikamtoka kichwani. Akanunua ndege yake, aina ya Demoiselle, kidude kidogo cha mianzi na kitambaa ambacho mtu mnene asingeweza kurukia. Alianguka, akatengeneza, akaruka tena. Mwaka 1910 akapata leseni ya urubani, namba 147.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Alizunguka na kundi la marubani wa maonyesho Marekani, Mexico na Cuba, watu wanalipa kiingilio kuangalia ndege. Mwaka 1911 akaingia kwenye mashindano ya masafa marefu Ulaya. Paris mpaka Rome, akawa wa pili. Mzunguko wa Ulaya, wa pili tena. Ikafika mahali watu wakamtania kwamba yeye ni namba mbili wa kudumu. Wadau, hii sehemu ilinigusa. Kuna watu shuleni walikuwa hivyo, kila mtihani wa pili, na siku ya zawadi wanapiga makofi tu.

Hakuacha lakini. Juni 1912 kulikuwa na mashindano Angers, hali ya hewa mbaya, upepo na mvua, marubani wengi wakaona isiwe tabu wakaacha kuruka. Garros akaruka, akashinda. Desemba mwaka huo huo akaenda Tunis, Afrika Kaskazini, akapandisha ndege mpaka mita 5,610 na kuweka rekodi ya dunia ya kwenda juu. Kwa kulinganisha, kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Yaani alikaribia usawa wa Uhuru, kwenye ndege ya wazi, baridi yote ile inampiga usoni.

SAA NANE KASORO JUU YA MAJI

Kilichomfanya ajulikane dunia nzima kilitokea tarehe 23 Septemba 1913. Saa 11 na dakika 47 alfajiri aliruka kutoka Fréjus, pwani ya kusini ya Ufaransa, akaelekeza ndege baharini. Lengo lilikuwa Afrika. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuivuka Bahari ya Mediterania kwa ndege bila kutua.

Alikuwa peke yake, bila redio, ana dira na injini moja. Safari ilikuwa zaidi ya kilomita 700. Njiani injini ikaharibika, akasikia kishindo cha chuma na ndege ikaanza kutetemeka. Angeweza kutua Corsica. Angeweza kutua Sardinia. Alipiga hesabu ya mafuta kichwani na kuendelea. Saa 7 na dakika 40 mchana akatua Bizerte, Tunisia, kwenye tenki zikiwa zimebaki lita chache tu. Jumla saa 7 na dakika 53 angani. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Aliporudi Ufaransa alipokelewa kama shujaa. Namba mbili wa kudumu akawa mtu wa kwanza.

VITA

Mwaka uliofuata, Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Ndiyo ile ile iliyofika mpaka huku kwetu, Wajerumani na Waingereza wakapigana Tanganyika, na babu wa babu zetu wakabebeshwa mizigo mpaka wakafia porini. Garros alijiunga na jeshi kwa hiari siku za mwanzo kabisa.

Tatizo la marubani wakati ule lilikuwa moja. Rubani anataka kufyatua rashasha kuelekea mbele, lakini mbele kuna propela inazunguka. Ukipiga, unaikata propela yako mwenyewe. Garros na fundi wake, kwa kushirikiana na mtengeneza ndege Raymond Saulnier, wakaja na dawa ya kienyeji: wakafunga kabari za chuma kwenye propela, ili risasi chache zitakazogonga zirushwe pembeni na nyingine zipite katikati. Tarehe 1 Aprili 1915 akaangusha ndege ya kwanza ya Wajerumani kwa mtindo huo. Katika wiki zile tatu za Aprili akafikisha tatu.

Sikilizeni hapa sasa. Tarehe 18 Aprili 1915 ndege yake ilipata hitilafu ikamlazimu kutua Ubelgiji, eneo lililoshikwa na Wajerumani. Alijaribu kuichoma ndege ili siri isijulikane, haikuungua yote. Wajerumani wakamkamata yeye na ile propela. Muda mfupi baadaye kiwanda cha Fokker kikatoa mtambo bora zaidi, unaofanya bunduki ipige pale tu propela inapokuwa haipo mbele ya mtutu. Wajerumani walikuwa tayari na mawazo ya aina hiyo, lakini kunaswa kwa ndege ya Garros ndiko kulikowaharakisha. Kwa miezi mingi baada ya hapo marubani wa Ufaransa na Uingereza waliumia sana angani.

Jamani, hebu fikiria uko kwenye kambi ya mateka, unasikia habari za wenzako wanaanguka, na unajua chombo chako kimetoa mchango. Mimi nisingepata usingizi.

MIAKA MITATU NDANI

Alikaa mateka karibu miaka mitatu, anahamishwa kambi hii mpaka ile, anajaribu kutoroka anashindwa. Humo ndani macho yake yakazidi kuharibika, vya mbali havioni vizuri. Kwa rubani wa vita huo ni mwisho wa kazi.

Februari 1918 yeye na mwenzake Anselme Marchal walivaa sare za kughushi za maofisa wa Kijerumani, Marchal akiwa anakijua Kijerumani vizuri, wakatoka getini Magdeburg kama wakubwa. Wakasafiri mpaka Uholanzi, wakavuka kwenda Uingereza, hatimaye wakafika Ufaransa. Ukiiona kwenye sinema utasema wameongeza chumvi.

Alikuwa na miaka 29, afya mbovu, macho mabovu, jina kubwa. Wakubwa wakampa nafasi ya kukaa kama mshauri wa mambo ya ndege, mbali na risasi. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akakataa. Akatengenezewa miwani kwa siri ili wasimzuie kuruka, akarudi mafunzoni, maana ndege zilikuwa zimebadilika kabisa na mbinu zake za mwaka 1915 zilikuwa zimepitwa. Waliokuwa wanafunzi wakati yeye ni staa sasa ndio walikuwa wanamwelekeza. Akakomaa mpaka akarudi kwenye kikosi chake cha zamani.

Tarehe 2 Oktoba 1918 akaangusha ndege nyingine, ya nne. Tarehe 5 Oktoba 1918, karibu na Vouziers kaskazini mashariki ya Ufaransa, yeye akaangushwa akafa. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, angetimiza miaka 30. Vita iliisha tarehe 11 Novemba. Wiki tano na siku mbili tu!

Kwa hesabu za marubani wa vita, ili uitwe bingwa wa angani unatakiwa uwe umeangusha ndege tano. Garros ana nne. Kuna sehemu nyingi utasoma kwamba alikuwa bingwa wa kwanza wa angani, sio kweli. Hata hapo alibakiza moja.

SASA TENISI INAINGIAJE?

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1891, Garros akiwa mtoto wa miaka miwili mitatu. Mwanzoni yalikuwa ya wanachama wa klabu za Ufaransa tu, na wa kwanza kushinda alikuwa Mwingereza aliyekuwa anaishi Paris. Wanawake wakaanza kucheza mwaka 1897. Mwaka 1925 milango ikafunguliwa kwa wachezaji wa nje.

Mwaka 1927 Wafaransa wanne, Jean Borotra, Jacques Brugnon, Henri Cochet na René Lacoste (ndiyo, huyo huyo wa fulana za mamba), wakaenda Philadelphia wakawanyang'anya Wamarekani Kombe la Davis. Sheria ilikuwa anayeshika kombe ndiye mwenyeji wa fainali inayofuata. Ufaransa haikuwa na uwanja wa maana, na fainali ni mwaka 1928. Ikatakiwa kujengwa uwanja haraka haraka.

Klabu ya Stade Français ikatoa eneo la hekta tatu pale Porte d'Auteuil. Na rais wa klabu wakati huo alikuwa nani? Émile Lesieur, yule yule wa chuoni! Akatoa sharti moja: uwanja upewe jina la Roland Garros. Hakuangalia kwamba rafiki yake hakucheza tenisi. Alikuwa na mshikaji aliyekufa miaka 10 iliyopita, na hakutaka asahaulike. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1928, Wafaransa wakawafunga Wamarekani humo humo, na kombe wakalishika mpaka mwaka 1932.

Uwanja huo umeona mengi. Mwaka 1939 serikali ya Ufaransa iliugeuza mahali pa kuwafungia wageni iliowashuku, jambo ambalo halizungumzwi sana. Mwaka 1968, Paris ikiwa imejaa migomo na maandamano, yakawa mashindano ya kwanza kati ya yale manne makubwa kuruhusu wachezaji wa kulipwa wacheze pamoja na wa ridhaa, Ken Rosewall akamfunga Rod Laver fainali. Mwaka 1983 Yannick Noah, ambaye baba yake ni Mcameroon na utoto wake aliuishia Yaoundé, akachukua ubingwa. Halafu akaja Rafael Nadal akachukua mara 14 kati ya mwaka 2005 na 2022. Kuna sanamu yake pale tangu 2021. Lakini hata Nadal na makombe yake yote 14, mashindano yanaitwa Roland-Garros.

Na kule Réunion uwanja wa ndege mkubwa una jina lake. Ukitua kisiwani, jina la kwanza kukutana nalo ni la mtoto wao.

NINACHOKIONA MIMI

Mimi nimemaliza shule, sina kazi ya kueleweka, naandika hapa kwa kupenda. Nilikuwa naamini jina la mtu linabaki kwa sababu alishinda sana. Huyu jamaa alikuwa wa pili mara kibao, chombo chake kilimsaidia adui, alibakiza ndege moja kuwa bingwa, na alikufa wiki tano kabla ya amani. Jina lake limebaki kwa sababu mtu mmoja aliyesoma naye, alipopata nafasi mezani, alilitaja. Angeweza kulitaja jina la waziri, au lake mwenyewe, na uwanja ungekuwa wake.

Nilikuwa na mwenzangu wa dawati moja toka kidato cha kwanza, tukagawana kitabu kimoja cha fizikia mpaka kikachanika. Alifariki tukiwa tunasubiri matokeo. Baada ya kusoma habari za Lesieur nilijiuliza lini mara ya mwisho nilimtaja mbele za watu. Sikukumbuka. Mwezi huu nimekwenda kumsalimia mama yake, nilikuwa sijafika tangu msiba. Sikuwa na uwanja wa kutoa, nilipeleka sukari kilo mbili.

Haya, swali langu kwenu wadau. Garros alipotoroka alipewa kazi ya ofisini akakataa, akafa kabla ya miaka 30. Alifanya sahihi? Mimi naona angebaki, alikuwa ameshatoa vya kutosha. Mzee wa soda zangu anasema mtu anayejua chombo chake kimeua wenzake hawezi kukaa ofisini. Nimeshindwa kumjibu, tena safari hii hatukuwekeana kitu.

Tiririka hapo chini kwenye maoni. Ukinipinga ruksa, matusi nitafuta. Kwa leo naishia hapa, muda wangu wa kafe nao umeisha.